Masaa ya Kungoja Umeme

Jumatatu, 8 Septemba

Daftari hili nimelinunua leo asubuhi, na muuzaji nimemdanganya kwamba ni la mwanangu Gracia, aliyeingia darasa la tatu. Ni langu. Juzi Jumamosi, siku ya mshahara, nilimwambia Eddy, gérant, yaani msimamizi, wa kiwanda chetu cha sabuni, kwamba mwezi mzima wa nane tulitoka usiku karibu kila siku, na karatasi yake haina hata saa moja ya ziada. Alicheka bila kuinua macho. Akaniuliza hayo masaa nimeyaandika wapi. Wenzangu waliopanga foleni nyuma yangu wakawa wanatazama viatu vyao.

Basi nitaandika. Baba yangu alikuwa mwalimu kule Kindu, na kalamu hainitishi. Nitaandika saa tunayoingia, saa umeme unapokatika, saa unaporudi na saa tunayotoka. Nitakayoyaona kwa macho yangu nitayaandika pia, maana pale kiwandani kuna mtu anayepeleka maneno ofisini. Nililolisema Ijumaa chooni, Eddy alilijua Jumamosi. Mtu huyo bado sijamjua, ila nitamjua.

Leo: tumeingia saa moja asubuhi. Umeme umekatika saa tano. Umerudi saa kumi jioni. Tumetoka saa tatu usiku.

Jumanne, 9 Septemba

Saa moja. Umekatika saa nne u nusu, umerudi saa tisa. Tumetoka saa mbili usiku. Mvua.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa moja. Umekatika saa tano, umerudi saa kumi na moja. Tumetoka saa tatu u nusu.

Nimemkuta Gracia amelala kwa jirani tena, na sare ya shule mwilini. Nimembeba mgongoni hadi nyumbani. Hakuamka.

Niuandike huu mchezo wenyewe nisije nikausahau. Umeme ukikatika, mashine ya kukoroga inasimama, na ya kukata na ya kupiga muhuri vilevile. Lakini hatuendi nyumbani. Eddy husema unaweza kurudi wakati wowote, hivyo Israël, mlinzi wa lango, anafunga kufuli, nasi tunakaa. Umeme ukirudi tunaanza kazi kana kwamba ndiyo kwanza tunatoka nyumbani. Kwenye karatasi ya Eddy yale masaa manne, matano, tunayokaa ndani yameandikwa mapumziko. Kwa hesabu yake mtu aliyeingia saa moja asubuhi akatoka saa tatu usiku amefanya kazi masaa tisa tu, sawasawa na sheria. Ziada hakuna.

Sheria ninaijua. Miaka mitatu iliyopita Papa Alphonse alitusomea: masaa tisa kwa siku, arobaini na tano kwa juma, yanayozidi yana nyongeza yake, na hesabu inaanza pale mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi chini ya amri ya mwajiri. Tulipiga makofi siku ile, tukamchagua kuwa délégué wetu, mtu wa kutusemea mbele ya wakubwa. Ni mpishi wa sabuni, mtu wa mtoni, wa Yanonge, mpole mno. Tangu siku hiyo sheria hajaitaja tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa moja. Umekatika saa tatu, haukurudi. Tumeachiliwa saa tisa alasiri. Karatasi inasema tumefanya masaa mawili.

Nimeona jambo. Kila siku saa sita mchana Papa Alphonse anaingia ofisini kwa Eddy na mlango unafungwa. Anakaa dakika tano hivi, kisha anatoka akirudisha shati ndani ya suruali. Nimemhesabia siku sita mfululizo. Leo Jumamosi ametoka na mfuko mweusi wa plastiki, mdogo, ameubana kwapani. Nilipomsalimu aliuhamishia upande wa pili.

Mtu anaingia mikono mitupu na kutoka na mfuko. Sihitaji kuelezwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Saa moja. Umekatika saa sita, umerudi saa nane. Tumetoka saa kumi na mbili jioni. Kwangu hii ni sikukuu.

Papa Alphonse ameingia asubuhi na mfuko uleule na kwenda nao moja kwa moja ofisini. Ametoka mikono mitupu. Kwa hiyo Jumamosi unatoka na kitu, Jumatatu unarudi. Pengine anarudisha mfuko ili ujazwe upya. Eddy ni mkono wa birika, hata mfuko wa plastiki hatoi mara mbili.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua toka alfajiri. Saa moja, saa nne, saa kumi, saa tatu usiku. Waendesha toleka wote wamekimbia na baiskeli zao za abiria, nimerudi nyumbani Kabondo kwa miguu.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa moja, saa tano, saa kumi, saa tatu usiku.

Mama Pélagie, ninayekaa naye meza moja ya kukatia, ameniuliza ninaandika nini kila siku. Nimemwambia ni madeni ya kanisani. Hakuamini. Ni mwanamke mwema lakini domo lake halina mlango, na sasa nashindwa kujua kama aliniuliza kwa ajili yake au alitumwa. Kuanzia leo nitaandikia chooni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo imekuwa siku ya aibu, na aibu yenyewe tumejifanyia.

Mkaguzi wa kazi amekuja. Wote wanamwita Inspecteur Sadrack, mtu wa makamo mwenye miwani. Ameingia saa saba mchana umeme ukiwa umekatika, nasi tumekaa bandani tukingoja. Eddy alikuwa naye bega kwa bega, anamfungulia milango kama bwana harusi.

Sisi wanawake wakati wa kungoja hatukai bure. Mmoja anachambua pondu, majani ya muhogo ya jioni, mwingine anasuka nywele, mwingine anashona kitambaa. Usipofanya hivyo, saa ngapi utayafanya, na nyumbani unafika watoto wamelala? Basi mkaguzi anatokea mlangoni, anaona pondu, anaona vitana, anamwona dada amelaza kichwa kwenye mapaja ya mwenzake. Na sisi, kwa heshima zetu, tukasimama wote. Mmoja akampa kiti, mwingine akakifuta vumbi. Mama Pélagie akamkunjulia karatasi yake ya karanga.

Mkaguzi akauliza, kwa upole tu, "Donc, hapa munapumzika?"

"Ah, tunapumzika tu, chef," akajibu Mama Pélagie. "Karibu nguba."

Akachukua karanga mbili. Akaandika.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini kwetu mgeni akiingia mara ya kwanza humpokei kwa kilio, unampokea kwa kiti, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa na adabu hiyo hiyo. Nikamtazama Papa Alphonse, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi ya kusema. Alikuwa kando ya sufuria lake kubwa, anakoroga mawese yaliyokwisha kupoa. Hakunyanyua kichwa. Ilikuwa saa saba na robo, na saa sita alikuwa ametoka ofisini kama kawaida yake.

Mkaguzi naye simwamini. Alikuja siku ambayo Eddy alikuwa amevaa shati jipya.

Saa moja, saa nne, saa tisa. Tumetoka saa kumi na moja jioni, kwa heshima ya mgeni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa moja, saa tano u nusu, saa kumi, saa tatu na robo usiku.

Eddy amebandika karatasi ya ukaguzi ukutani. Imeandikwa kwamba wafanyakazi wanapata mapumziko ya kutosha mchana. Amepita mezani kwangu akasema kwa Kifaransa kwamba kuna watu wanaopenda kuandika, basi na wasome pia. Kwa hiyo anajua habari ya daftari. Ni Mama Pélagie au ni Israël. Au ni yule wa mfuko mweusi.

Jumatano, 22 Oktoba

Saa moja, saa nne, saa kumi na moja, saa nne usiku. Mvua. Sina la kuandika, miguu inaniuma.

Jumanne, 4 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni kituo cha afya. Gracia amelala, maji ya dawa yanaingia mkononi. Nitaandika yote.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Israël akafunga kufuli. Saa sita mchana alikuja mwendesha toleka ametumwa na mwalimu wa Gracia, Madame Julie. Alipiga kelele kutoka nje ya ukuta kwamba mtoto wa Mama Gracia ameanguka darasani, homa kali, wanampeleka kituo cha afya, mama aje.

Nilikimbilia langoni. Israël alisimama mbele ya kufuli na uso wake ukaingia giza. Si mtu mbaya, ana watoto wadogo. Alisema, "Mama, mi sina ruhusa. Courant inaweza kurudia saa yoyote. Chef alisema hata mutu moja hatoke."

Nikamwambia hakuna umeme, hakuna mashine, kuna pondu tu na nywele, na mwanangu ameanguka. Akarudia yaleyale, huku anatazama chini.

Nikaenda kwa Papa Alphonse. Nilimwambia, papa, wewe ndiye délégué, leo utasema au hutasema kamwe. Alivua glavu zake, akanawa mikono, akaenda ofisini. Mimi nikamfuata mpaka dirishani. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Maneno yao sikuyasikia kwa sababu ofisi ina jenereta yake ndogo, ya taa na friji na kompyuta, nayo inanguruma kutwa wakati sisi tuko gizani. Lakini niliona. Papa Alphonse alisema kitu, akaonyesha lango. Eddy alisikiliza. Akainuka taratibu, akafungua friji, akatoa mfuko mweusi, uleule, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha palipopigwa na jua. Alikaa, akakunja mikono.

Papa Alphonse aliutazama mfuko. Nilihesabu pumzi zangu mpaka kumi na tano. Kisha aliinamisha kichwa, na Eddy akarudisha mfuko ndani ya friji na kufunga.

Papa Alphonse alitoka na kunikuta pale. "Nimeshindwa, mwanangu," akasema.

Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba amemuuza mtoto wangu kwa mfuko wa plastiki. Nilimwita nyoka. Nilimwambia nyama anayopewa na Eddy imkwame kooni, maana sasa nilijua kwamba kinachokaa kwenye friji ni nyama au samaki. Alirudi kwenye sufuria lake.

Nilikaa langoni nimeshika nondo kwa mikono miwili. Mama Pélagie alikuja kukaa nami, hakusema kitu, na kwake yeye hilo ni jambo kubwa. Lango lilifunguliwa saa kumi jioni. Si kwa ajili yangu. Lilikuja lori la mapipa ya mawese yaliyoshuka bandarini kutoka Isangi, na lori haliwezi kungojeshwa. Nilipita ubavuni mwa magurudumu, nikakimbia. Umeme ulikuwa bado haujarudi.

Mtoto ameniuliza nilikuwa wapi. Nimemwambia nilikuwa kazini. Karatasi ya Eddy itasema nilikuwa napumzika.

Papa Alphonse ametuuza sisi sote. Naandika jina lake wazi, Alphonse, ili asiseme ni mwingine.

Jumatano, 5 Novemba

Homa imeshuka. Amekula uji. Sikwenda kazini.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa moja, saa tano, saa tisa, saa mbili usiku. Eddy amenikata siku mbili, ya jana, na ya juzi pia kwa kutoka bila ruhusa. Nimenyamaza. Nikifukuzwa, Gracia atakula nini?

Alhamisi, 13 Novemba

Saa moja. Umekatika saa tatu, umerudi saa kumi na moja. Tumetoka saa nne usiku. Mvua kubwa, bati linapiga kelele hata husikii mtu aliye kando yako.

Siku tisa sijamsalimu Papa Alphonse. Leo mnamo saa nane nilienda nyuma ya mapipa kuchota maji, nikamkuta amekaa chini, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, macho hayanioni. Wazo langu la kwanza lilikuwa pombe. Nalikiri hapa. Wazo la pili lilikuwa kumwacha. Lakini midomo yake ilikuwa inasema sukari, sukari, na mimi nilikuwa na sukari ya chai kwenye kifuko changu. Nikammiminia kinywani kama mtoto mchanga.

Baada ya robo saa alirudi kuwa mtu. Aliniomba nikae.

"Mama Gracia, mi iko na ugonjwa ya sukari," akasema. "Huu ni mwaka ya ine. Dawa ya sindano inaomba baridi, na kwangu courant haiko. Frigo iko moja tu, ya gérant. Nikiongea sana, frigo inafungwa."

Basi hiyo ndiyo nyama. Saa sita anaingia kujidunga sindano tumboni, ndiyo maana anatoka anarudisha shati. Jumamosi anabeba dawa ya Jumapili, Jumatatu anairudisha. Aliniambia pia kwamba Eddy ndiye peke yake anayejua, kwa sababu mpishi wa sabuni mgonjwa, mwenye miaka hamsini na tisa, hataonewa huruma na mwenye kiwanda, na akifukuzwa hana cha kununulia dawa. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikamwahidi.

Nimerudi nyumbani na moyo mzito. Nimemwonea, hilo ni kweli. Lakini kuna kitu bado kinanikwaruza na sitakificha: siku ile mfuko ulipowekwa juani, alichagua mfuko. Ningekuwa mimi ningechagua nini? Sijui. Nimemwonea, na pia alituacha. Yote mawili ni kweli na sijui niyaweke wapi.

Nimeahidi nisimwambie mtu. Daftari si mtu.

Jumatano, 19 Novemba

Saa moja, saa tano, saa kumi, saa tatu usiku. Papa Alphonse hakuwepo asubuhi. Israël anasema alimwona juu ya toleka akielekea mjini, na shati lake la kanisani. Moyo wangu umeanza tena kuuliza maswali. Siku ya kazi, shati la kanisa, kwenda mjini. Kwa nani?

Jumanne, 25 Novemba

Saa moja. Umekatika saa nne. Saa tano kamili mkaguzi ameingia tena. Safari hii Eddy hakuwa na shati jipya, alikuwa na kandambili.

Inspecteur Sadrack hakwenda ofisini. Alisimama langoni kwanza, akashika kufuli, akamwuliza Israël ni nani aliyeamuru lifungwe. Kisha akaja bandani, akakataa kiti, akatoa barua. Alisema imeletwa na délégué wa kiwanda Jumatano iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe, na imesainiwa. Inasema kungoja umeme nyuma ya kufuli si mapumziko. Sote tukageuka kumtazama Papa Alphonse. Yeye alikuwa anatazama sufuria, lakini safari hii kichwa kilikuwa juu.

Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa safari ya shati la kanisani. Nilijisikia mdogo.

Lakini mkaguzi alisema barua peke yake haitoshi. Mwajiri ana karatasi zake za kila siku, zimejazwa vizuri. Sisi tuna nini? Nani aliandika, siku gani, saa ngapi? Eddy akaanza kutabasamu. Ndipo Mama Pélagie, na domo lake lisilo na mlango, akasema, "Mama Gracia anaandika. Kila siku. Anaendaka kuandikia mu choo."

Mkaguzi akanigeukia. Nikasema ndiyo, ninalo, lakini nimeliacha nyumbani. Lilikuwa kifuani mwangu. Akanipa muda hadi kesho. Nikamwuliza kama naweza kunakili masaa tu kwenye karatasi safi. Akatikisa kichwa. Karatasi safi inaweza kuandikwa jana, alisema. Anataka daftari lenyewe, zima, bila ukurasa uliochanwa, na kila ukurasa délégué ausome na kuusaini mbele yake, la sivyo Eddy atasema ni hadithi za mwanamke mmoja.

Sasa ni jioni na nimelisoma lote kuanzia mwanzo. Masaa yapo, siku baada ya siku, hakuna karatasi ya Eddy inayoweza kushindana nayo. Lakini kila palipo na saa pana sumu pia. Nyoka. Ametuuza. Nyama imkwame. Na tarehe kumi na tatu kuna ugonjwa wake wote, nilioahidi kuuficha. Nikilitoa, yule mzee atasoma kwa macho yake mambo niliyomwaza, na wote watajua anachokificha, na Eddy atakuwa na sababu ya kumtoa kazini. Nisipolitoa, watu thelathini na wawili wataendelea kungoja nyuma ya kufuli na kuambiwa wamepumzika, na Gracia atalala kwa jirani na sare mwilini mpaka amalize shule.

Nimeliweka juu ya jiko mara moja. Nimeliondoa.

Jumatano, 26 Novemba

Naandika kwenye karatasi za shule za Gracia. Daftari halipo tena kwangu.

Nilifika langoni saa kumi na mbili u nusu na kumngoja Papa Alphonse barabarani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kupamba: kwamba kwa miezi miwili nilimwaza vibaya na nikamwita nyoka, kwamba ugonjwa wake umo, kwamba nilivunja ahadi siku ileile niliyoitoa. Nikamwambia daftari ni hili, akisema nilichome nitalichoma.

Alilitazama daftari mkononi mwangu. Nilidhani anatafuta tusi, na nilikuwa tayari kulipokea.

"Toa," akasema. "Ile siku ya mutoto wako nilinyamaza sababu ya dawa. Nikinyamaza tena leo, ile dawa itanisaidia nini?"

Mkaguzi alikuja saa tatu. Umeme ulikuwa umekatika tayari. Tulikaa kwenye meza ya kufungia sabuni, yeye, mimi na Papa Alphonse, na wenzetu wote wamesimama kutuzunguka. Eddy alisimama mlangoni. Mkaguzi alieleza tena ili kila mtu asikie: délégué akisaini, masaa ya kungoja yanahesabiwa kuwa ya kazi, na atamwandikia mwenye kiwanda alipe ziada yote tangu Septemba, na kuanzia sasa awaache watu watoke saa kumi na moja jioni. Ndipo Eddy aliposema, kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki, "Papa Alphonse, fikiri muzuri. Ile frigo iko ya bureau."

Papa Alphonse alivaa miwani yake. Imebaki na mkono mmoja, badala ya wa pili amefunga uzi.

Anasoma taratibu, midomo inatembea. Nilijua kila ukurasa alipofika kwa sababu nilikuwa nayafuata maandishi yangu kichwani. Mfuko mweusi. Akasaini. Mkono wa birika. Akasaini, na nadhani kidogo alicheka. Karanga, na yeye anayekoroga mawese yaliyopoa. Alikaa hapo kidogo, akasaini. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama kidole chake gumba, kilichobabuka kwa soda ya sabuni, kikifungua ukurasa baada ya ukurasa.

Alipofika tarehe nne Novemba alisimama. Alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena. Jenereta ya ofisi ndiyo pekee iliyokuwa inaongea. Nilijua yaliyomo kwa moyo. Niliwaza, sasa atafunga daftari, na ana haki.

Aligeuza daftari kuelekea kwangu na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umekosea," akasema. "Lori haikuingia saa kumi. Iliingia saa kumi na nusu. Mi nilikuwa naangalia saa."

Akamwomba mkaguzi kalamu. Akapiga mstari juu ya saa yangu, akaandika yake pembeni, na chini ya ukurasa, chini ya nyoka na nyama na jina lake, akasaini. Kisha akafungua ukurasa uliofuata.